Ng'ombe Wanapoingia Jijini: Je, Ukame Ndio Unaoleta Vita?

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia, hata hivyo, nyasi zenyewe zikikauka kabisa fahali hao hufanya nini. Je, hupigana zaidi au huacha?

Msomaji mpendwa, usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha, nikakosea.

Ilikuwa mwishoni mwa 2022, nami nilikuwa ndani ya matatu nambari 111 kutoka katikati ya jiji kwenda Ngong. Karibu na Dagoretti Corner magari yalisimama. Ng'ombe kama arobaini, mbavu zikihesabika moja moja, walikuwa wakivuka barabara polepole, wakiongozwa na mzee wa Kimaasai na vijana wawili. Dereva alipiga honi hadi akachoka. Abiria mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti kuwa watu hawa wakikosa malisho kwao lazima wataanza kumwaga damu, na kwamba ni heri polisi wawafukuze mapema. Wengi waliitikia. Nami, nakiri, nilitikisa kichwa kukubali.

Ama kwa hakika ulikuwa ukame wa kutisha. Mvua zilikuwa zimekosa kunyesha misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020. Kufikia mwanzoni mwa 2023, Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa wakihitaji chakula cha msaada, na mifugo zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekufa. Ajabu ni kuwa hayo yote niliyatazama hatua chache tu kutoka makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambayo yako papo hapo Dagoretti Corner.

Niliteremka. Mzee yule hakuniomba pesa. Alitaka kujua ni ua upi kati ya zile nyua kubwa zenye nyasi za kijani ambao mwenyewe hangemfungulia mbwa. Alinieleza kuwa walitoka Kajiado kwa miguu, na kwamba hata olopololi, yaani sehemu ya malisho ambayo kila boma huwatengea ndama na wagonjwa, ilikuwa imeisha. Nikamuuliza kama huko kwao watu walikuwa wakipigana. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto.

"Mwanangu," akasema, "kupigana kunataka nguvu."

Jibu hilo lilinisumbua siku nyingi, hata nikaamua kulifuatilia.

Ukitaka kujua habari za vita vya mifugo nchini, si lazima uende Marsabit. Shuka katikati ya jiji, uingie Jumba la Kitaifa la Hifadhi ya Nyaraka kwenye barabara ya Moi, mkabala na iliyokuwa hoteli ya Hilton. Humo zimo ripoti za wakuu wa wilaya tangu enzi za ukoloni: mvua ya mwaka, bei ya ng'ombe, visima vilivyokauka, na uvamizi uliotokea. Mtafiti mwenye subira anaweza kuziweka hesabu hizo sambamba, za mvua upande huu na za maiti upande ule.

Kazi ya aina hiyo ndiyo waliyoifanya Wario Adano, ambaye ni Mkenya, na mwenzake Karen Witsenburg wa Uholanzi. Walifanya utafiti wao Marsabit kwa miaka mingi, wakiwatembelea wafugaji na kukaa nao kwenye visima, na mnamo 2009 wakachapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Katika miaka ya mvua nyingi, watu waliouawa katika wizi wa mifugo walikuwa wengi kuliko katika miaka ya ukame! Mnamo 2012 walirudia hoja hiyo pamoja na wenzao, wakiongeza habari za Narok. Mwaka huo huo mtafiti wa Norway, Ole Magnus Theisen, alichapisha uchunguzi wa Kenya nzima kati ya 1989 na 2004, naye akaona kuwa ukame haukufuatwa na mapigano zaidi. Miaka iliyofuata mvua nzuri ndiyo iliyokuwa ya hatari.

Kwa nini? Fikiria kama mwizi wa ng'ombe, msomaji, japo kwa dakika moja tu. Utaiba ng'ombe aliyekonda ili akufie njiani? La hasha! Utangoja mvua inyeshe. Wakati huo mnyama ana nguvu za kutembea usiku kucha. Njiani kuna vidimbwi vya maji. Nyasi ni ndefu na vichaka vimefunga, kwa hivyo pa kujificha papo. Mvua ikinyesha tena, inafuta nyayo. Isitoshe, vijana wako huru, kwa kuwa mifugo inalisha karibu na nyumbani na haihitaji watu wengi wa kuipeleka mbali. Tena mtu aliyepoteza mifugo yake katika ukame uliopita sasa anatafuta wengine wa kujaza boma.

Wakati wa kiangazi mambo hugeuka. Maji yako mahali pamoja tu, kisimani, na kisima kina mwenyewe. Miongoni mwa Waborana kila kisima kikuu kina ukoo unaokimiliki, na yuko mtu aitwaye abba herega, ambaye kazi yake ni kusimamia zamu ya kunywesha: nani leo, nani kesho, nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mgeni naye huwekwa kwenye orodha, ingawa hatakuwa wa kwanza. Sasa wewe uliyetoka mbali na ng'ombe mia wenye kiu, utamchokoza mtu huyo? Utamwamkia kwa heshima zote, utakumbusha kwamba babu yako na babu yake walijuana, na yale ya mwaka jana utayaweka kando. Kwa hiyo ukame huwasukuma watu kwenye mazungumzo, hata wasiopendana.

Sitaki nikupotoshe, hata hivyo, uone kuwa ukame ni baraka. Katika Turkana, Carol Ember na wenzake walichunguza habari za miaka ya 1998 hadi 2009, wakakuta kinyume chake: huko, vipindi vikavu ndivyo vilivyokuwa na umwagaji damu zaidi. Jua ni lile lile, matokeo mawili. Mimi nasema tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yote, kwa sababu inatulazimu kuacha kutazama mawingu tu na kuanza kutazama watu walivyojipanga.

Huhitaji kwenda mbali kuona mfano. Ukitoka Kangemi, ukapita Uthiru na Kikuyu, kisha ukateremka ukingo wa Bonde la Ufa, utafika Mai Mahiu. Hapo, mnamo Januari 2005, Wamaasai na Wakikuyu walipigana kwa sababu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Watu zaidi ya kumi waliuawa na wengi wakayahama makazi yao. Ni kweli kulikuwa na kiangazi. Lakini malalamiko ya wafugaji hayakuwa juu ya mawingu. Walisema maji yamefungwa huko juu na kuelekezwa mashambani, hata mifugo ya chini ikakosa ya kunywa. Jua liliupunguza mto, na mkono wa mtu ukachukua kilichobaki.

Tazama pia Laikipia mwaka 2017. Magazeti mengi ya ng'ambo yaliandika kuwa ukame uliwasukuma wafugaji kuingia katika ranchi kwa nguvu. Mmiliki mmoja wa ranchi, Tristan Voorspuy, aliuawa Machi, na mwezi uliofuata mwandishi Kuki Gallmann akapigwa risasi, akanusurika. Ukame ulikuwako, sikatai. Lakini mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi mkuu pia, na bunduki hazioti kama magugu. Tena ardhi hiyo ina kidonda cha zamani: Wamaasai walihamishiwa Laikipia kwa mkataba wa 1904, kisha wakaondolewa huko kwa mkataba wa 1911. Hata hapa tunapoishi, jina Nairobi ni la Kimaasai, lenye maana ya maji baridi, na kabla reli haijafika mnamo 1899 palikuwa malisho. Abiria wenzangu katika ile 111 walimwona yule mzee kuwa mgeni. Sina hakika mgeni alikuwa nani.

Basi ni nini kinachozuia damu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwatuma watu kuwahoji Wakenya nyumba kwa nyumba kuhusu ukame na maoni yao juu ya matumizi ya nguvu. Waliona kuwa palipokuwa na mikutano ya maelewano kati ya jamii na jamii, ukame haukuwafanya watu waelekee sana kuunga mkono vita. Jambo hilo wazee wa kaskazini walilijua zamani. Katika Azimio la Modogashe la 2001, walikubaliana juu ya kuhama na mifugo, juu ya wizi, na hata fidia ya mtu aliyeuawa: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. (Wasomaji wa kike mtanisamehe. Mimi sikuwako walipokuwa wakihesabu.) Wanasheria walilalamika kuwa mauaji ni ya mahakama, na wana hoja. Lakini mahakama iliyo mwendo wa siku mbili haimsaidii mtu aliye kisimani leo.

Huenda unasema, haya ni ya wafugaji, mimi naishi ghorofani. Nikukumbushe basi mwaka 2017, wakati Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, ambalo hulipa jiji hili sehemu kubwa ya maji yake, lilipopungua hata maji yakagawanywa kwa zamu mtaa kwa mtaa.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Kangemi. Mfereji wa ploti yetu ulikauka siku tisa. Kina mama walipanga mitungi yao kwenye mstari mbele ya mfereji wa jirani, na mama mmoja muuza mboga akaiandika nambari kwa chaki. Hakuchaguliwa na mtu yeyote. Watoto walitumwa na mitungi saa kumi za alfajiri, nao wakimkuta wanamwambia, "Shikamoo mama, mimi ni nambari ngapi?" Siku zote hizo tisa sikusikia hata tusi moja.

Siku ya kumi maji yalirudi kwa nguvu. Kabla ya saa mbili asubuhi vijana wenye mikokoteni walifika, kila mmoja na mitungi ishirini ya kwenda kuuza mitaa ya juu, wakaisukuma ile ya kina mama kando. Mitungi ilipasuliwa, mwanamume mmoja akapasuliwa kichwa, na mfereji wenyewe uking'olewa maji yalimwagika njiani mpaka mchana. Mimi nilirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Jioni, mama yule alipita mlango kwa mlango akiita watu. Jumapili tulikutana chini ya mti nyuma ya kanisa, tukiwa pamoja na wale wa mikokoteni. Ilituchukua saa tatu kukubaliana kuwa mkokoteni utateka baada ya mitungi ya nyumbani, na kwamba hakuna atakayeteka zaidi ya sita kabla ya saa nne. Kisha akatoa chaki mpya mfukoni mwa leso.