Mitrović kwenye mahakama ya banda umiza: lipi kweli, lipi uzushi

Banda umiza la mtaani kwetu lina feni moja, skrini mbili na mahakimu wapatao arobaini. Kesi husikilizwa papo hapo, hukumu hutoka kabla refa hajapuliza, na rufaa haipo. Kati ya wachezaji niliowasikia wakihukumiwa pale bila wakili, Aleksandar Mitrović yumo kwenye tatu bora. Hana mashabiki wa kutisha huku kwetu. Wengi walimfahamu kupitia mikeka, maana Fulham ya enzi zake ama ilikutajirisha ama ilikuchania mkeka dakika ya 88. Mserbia tuliyemzoea Afrika Mashariki ni kocha, siyo straika: Micho Sredojević alipita Yanga, kisha akairudisha Uganda AFCON mwaka 2017 baada ya miaka 39 ya kuyatazama mashindano hayo kwenye televisheni.

Basi nimeyachukua yanayosemwa sana juu ya Mitrović, nikayapekua moja moja.

"Huyu ndiye aliyemnyima Ronaldo bao kule Belgrade."

Si kweli, ingawa kosa lenyewe lina utetezi. Machi 27, 2021, Serbia na Ureno zikiwa 2-2 dakika za mwisho kabisa, Ronaldo aliusukuma mpira ukampita kipa, beki akateleza nao na kuuondoa ukiwa umeshavuka mstari. VAR haikuwepo kwenye mechi zile za kufuzu. Bao likakataliwa, Ronaldo akavua kitambaa cha unahodha, akakitupa chini na kuelekea vyumbani. Beki yule anaitwa Stefan Mitrović. Aleksandar shughuli yake ilikuwa upande wa pili, na alikuwa ameshaimaliza: bao la kwanza la Serbia siku hiyo ni lake, la kichwa, kipindi cha pili kikiwa ndiyo kwanza kimeanza. Kitambaa kiliokotwa na mzimamoto wa uwanjani, kikapigwa mnada kuchangia matibabu ya mtoto mgonjwa, kikafika euro 64,000.

"Newcastle ndiyo iliyomtoa gizani."

Si kweli. Alipotua Newcastle Julai 2015, akiwa na miaka 20, mtu huyu alikuwa na mataji mkononi. Alizaliwa Smederevo, akalelewa na Partizan ya Belgrade, akapelekwa kwa mkopo Teleoptik, akarudi na kubeba ubingwa wa Serbia msimu wa 2012–13. Majira hayo hayo ya joto vijana wa Serbia wa chini ya miaka 19 waliichapa Ufaransa 1-0 kwenye fainali ya Ulaya kule Lithuania, na mchezaji bora wa mashindano akawa yeye. Anderlecht wakamnunua. Msimu wa kwanza bingwa wa Ubelgiji, msimu wa pili mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20.

Kuna usiku mmoja wa Anderlecht ambao mashabiki wa Arsenal hawapendi kukumbushwa. Novemba 4, 2014, Ligi ya Mabingwa, London, Arsenal wanaongoza 3-0. Anthony Vanden Borre, mzaliwa wa Likasi kule Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, akafunga mawili. Dakika ya 90 krosi ikapigwa kutoka kulia, Mitrović akajirusha na kuipiga kichwa: 3-3. Ikariri picha hiyo ya krosi, kichwa na dakika ya 90, maana itarudi.

"Ana kichwa cha moto."

Hili ni kweli, na mimi siwezi kumtetea sana. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu ya Uingereza aliingia akitokea benchi, akapata kadi ya njano ndani ya sekunde 22. Mtu hajapata hata jasho! Wiki tatu baadaye, dhidi ya Arsenal, alitolewa kwa nyekundu dakika ya 16. Siku ya mwisho ya msimu huo, Newcastle ikiwa imeshashuka daraja, waliifumua Tottenham 5-1. Mitrović akafunga, kisha akapewa nyekundu. Ndiye yeye mzima katika dakika tisini.

Kisha Old Trafford, Machi 19, 2023, robo fainali ya Kombe la FA. Fulham wanaongoza 1-0, bao lake. Willian akazuia mpira kwa mkono kwenye mstari wa goli, refa Chris Kavanagh akaitwa kwenye skrini, na mambo yakaharibika: kocha Marco Silva nyekundu, Willian nyekundu, Mitrović akamshika refa na kumsukuma, nyekundu. Manchester United wakashinda 3-1. Adhabu ilikuwa kukosa mechi nane na faini ya pauni 75,000. Wapo waliosema ameonewa. Refa hasukumwi, na hilo mtoto wa chandimu analijua.

Hata hivyo ningependa mahakimu wetu waikumbuke pia Desemba 29, 2018. Fulham na Huddersfield, 0-0, timu mbili zinazonusa kaburi, na Fulham wamepata penalti. Mpigaji ni Mitrović. Mwenzake Aboubakar Kamara akaukumbatia mpira, akakataa kuutoa, akapiga mwenyewe na kukosa. Kama kuna siku ambayo mwenye hasira alikuwa na haki ya kulipuka, ni hiyo. Dakika za majeruhi Mitrović akafunga, 1-0.

"Mabao 43 ni rekodi ya daraja la pili Uingereza tangu mpira uanze."

Hapa watu huchanganya mahesabu. Msimu wa 2021–22 alifunga mabao 43 katika mechi 44 za Championship. Tangu daraja hilo lipewe jina hilo mwaka 2004, hakuna aliyemkaribia. Ivan Toney aliyekuwa anashikilia rekodi alikuwa na 31. Aliipita pia 42 ya Guy Whittingham wa Portsmouth ya msimu wa 1992–93. Ukisema rekodi ya Championship, uko sahihi.

Ukisema rekodi ya daraja la pili tangu mpira uanze, kuna mzee mmoja wa Middlesbrough atakuamkia. George Camsell, msimu wa 1926–27, alifunga mabao 59 kwa mechi 37. Mzee huyo naye bahati yake ilikuwa na kutu, kwani msimu uliofuata Dixie Dean wa Everton alifunga 60 katika daraja la juu, na dunia ikamkumbuka Dean.

"Ni mkali wa daraja la pili tu, Ligi Kuu hawezi."

Hii ndiyo hukumu iliyotolewa mara nyingi zaidi, na nakiri hata mimi niliisaini. Soda niliyopoteza Agosti 2022 bado inaniuma. Mashtaka yalionekana kukamilika. Alikuja Fulham kwa mkopo Januari 2018, akafunga 12 katika mechi 17 za ligi, timu ikapanda. Msimu uliofuata Ligi Kuu alifunga 11, timu ikashuka. Wakashuka naye, akawa mfungaji bora wa Championship kwa mabao 26, wakapanda. Wakapanda naye, akafunga matatu tu, wakashuka. Ukilichora hilo kwenye karatasi utaona daladala inayopanda na kushuka mlima mmoja kila siku, na abiria ni yule yule.

Lakini iangalie ile namba tatu ya 2020–21. Kocha Scott Parker mara nyingi alimweka benchi na kucheza bila namba tisa halisi. Fulham nzima, wachezaji wote kwa pamoja, walifunga mabao 27 katika mechi 38. Chungu kilikuwa kitupu, na tukamlaumu mlaji kwa kukonda.

Akaja Marco Silva. Kulia akamweka Harry Wilson, mguu wa kushoto anayekata ndani na kuinua mpira kwenda nguzo ya mbali. Kushoto Neeskens Kebano, winga wa DR Congo, na nyuma yake Antonee Robinson anayepanda kama beki ambaye hajapewa ruhusa ya kurudi. Mipira ikaanza kumiminika ndani ya boksi, na Fulham wakafunga 106 msimu ule.

Mtazame sasa Mitrović mpira ukiwa bado mguuni mwa winga. Hamkimbilii beki wa kati aliye mrefu. Anarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka anakaa begani kwa beki wa pembeni aliye mfupi. Mgongo anauegemeza kidogo, mkono wa kulia anautanua, siyo kumshika mtu bali kumpima yuko wapi. Krosi inapopigwa, beki anatazama mpira, yeye ameshachukua nafasi. Kuruka kwenyewe hakuruki sana. Nafasi ilishaamua kila kitu.

Ligi Kuu iliyofuata akafungua na mabao mawili dhidi ya Liverpool, 2-2, Virgil van Dijk akiwa uwanjani. Akamaliza na 14 kwa mechi 24 tu, kwa sababu ya majeraha na ile kadi ya Old Trafford, na Fulham wakashika nafasi ya 10. Kwa hiyo si kweli. Ni straika asiyejitafutia chakula mwenyewe. Ukimpikia, anakula meza yoyote. Hilo ni pungufu, sikatai. Lakini pungufu la kushindwa kukimbia na mpira mita hamsini siyo sawa na kushindwa Ligi Kuu.

"Kombe la Dunia alipotea."

Si kweli. Mwaka 2018 aliifunga Uswisi kwa kichwa dakika ya tano. Qatar 2022 aliifunga Kameruni, kisha Uswisi tena. Mabao matatu kwa fainali mbili. Kilichopotea ni ushindi: mechi hizo zote tatu Serbia haikushinda hata moja. Ile ya Kameruni walikuwa mbele 3-1, ikaisha 3-3.

"Saudi alikwenda kula pensheni."

Hela zilikuwepo, hakuna wa kudanganyana. Al-Hilal waliilipa Fulham karibu pauni milioni 50 Agosti 2023 na mchezaji mwenyewe aling'ang'ania kuondoka. Ila pensheni haina mabao 28 katika mechi 28 za ligi. Al-Hilal msimu huo walichukua ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi hata moja, na wakashinda mechi 34 mfululizo za mashindano yote, jambo lililoingia kwenye vitabu vya rekodi za dunia. Kiatu cha dhahabu kilimponyoka kwa sababu moja tu: Ronaldo alifunga 35. Mwaka 2025 Mitrović akahamia Al-Rayyan ya Qatar.

"Penalti yake ndiyo iliyoiua Serbia."

Novemba 12, 2020, Belgrade, uwanja mtupu kwa sababu ya korona. Serbia na Scotland wanagombea tiketi ya Euro. Ikaisha 1-1, mpaka matuta. Penalti tisa zimepigwa, tisa zimeingia. Ya kumi ni ya mtu ambaye kila Mserbia angemchagua. Akaipiga, kipa David Marshall akaifuata na kuitoa. Marshall hakushangilia mara moja. Alimgeukia refa kwanza, kutaka kujua kama alikuwa ametoka kwenye mstari mapema. Ndipo akakimbia. Scotland walikuwa hawajacheza mashindano makubwa tangu 1998.

Kwa hiyo alikosa, na Serbia ikabaki nyumbani. Kweli tupu. Lakini wanaomhukumu kwa usiku ule hufunga faili mapema mno.

Machi 2021, katika mechi zile zile za akina Ronaldo na kitambaa, alimpita Stjepan Bobek, aliyekuwa na mabao 38 tangu enzi za Yugoslavia, akawa mfungaji bora wa taifa lake. Tangu hapo amevuka 50. Kisha Novemba 14, 2021, mwaka mmoja na siku mbili baada ya Marshall, Serbia ikaenda Lisbon kucheza mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia. Ureno walitaka sare tu. Renato Sanches akafunga dakika ya pili, Dušan Tadić akasawazisha. Kocha Dragan Stojković alikuwa ameanza na Mitrović benchi, akamwingiza kipindi cha pili.

Dakika ya 90. Krosi kutoka kulia, ndefu, inavuka vichwa vyote. Kwenye nguzo ya mbali kuna mtu amesimama begani kwa beki wa pembeni. Ureno 1, Serbia 2.

Banda letu usiku huo lilikuwa la Ronaldo watupu, hakuna aliyeshangilia. Kijana mmoja nyuma aliuliza kwa hasira nani kapiga ile krosi. Ni Tadić, yule yule aliyepiga penalti ya kwanza ya Serbia usiku wa Scotland.