Injini Isiyojua Kukataa

Ndugu zangu, wajukuu zetu wengi hapa Uingereza hurusha ndege kwenye kompyuta, na mmoja wao sasa anasomea urubani wa kweli. Haya nayaandika kwa ajili yake, na wazee wake wasiseme mwalimu kaingilia yasiyomhusu.

Microsoft Flight Simulator ilitoka mwaka 1982, na kwa miaka mingi mtoto akibonyeza Ctrl na E pamoja, injini inawaka. Baridi iwe, joto liwe, inawaka tu. Injini ya pistoni haina tabia hiyo. Yataka petroli iliyokwisha kuwa mvuke, na hewa kiasi cha sehemu 8 hadi 18 kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzani. Nje ya hapo cheche huruka bure. Kukiwa baridi mvuke hautoki upesi, kwa hiyo rubani wa Cessna 172 ya zamani huisukumia injini petroli kwa pampu ya mkono kabla ya kuwasha. Akisukuma kidogo, haishiki. Akizidisha, inafurika, na hata moto waweza kuzuka kwenye njia ya hewa.

Basi programu inayoiga sawasawa lazima ikumbuke: injini ilizimwa lini, ina joto gani, petroli gani imebaki ndani, betri ina nguvu kiasi gani. Tena ihesabu silinda mojamoja. Waliozisikia DC-3 za East African Airways (shirika lililoanza 1946 likafa 1977) wanaijua sauti yenyewe: silinda moja inakohoa, nyengine inaitikia, moshi unafuka, ndipo zote 14 zinapokwenda pamoja. Moshi ule ni wa oili. Injini ikilala, oili huteremkia silinda za chini. Ikijaa, pistoni haiwezi kuibana, na mkono wake hupinda. Ndiyo maana mafundi waliizungusha rafadha kwa mikono kwanza.

Na hapo ndipo penye hofu yangu. Magneto hutoa cheche kwa kuzungushwa tu, haihitaji betri. Waya wake wa kuizimia ukikatika, ufunguo utaonyesha imezimwa nayo i hai, na rafadha ikisogezwa yaweza kuruka ikaua mtu. Rafadha ya kwenye kioo haijamkata mtu kidole.

Nimemtaka mjukuu wetu aviache vile vitufe viwili, awashe hatua kwa hatua hata mchezoni, na kiwanjani kila rafadha aihesabu kuwa i hai.