Je, Akili Hukua? Mtazamo wa Mwanafunzi juu ya Uwezo Wake

Katika shule nyingi za sekondari husikika kauli isemayo, "Mimi sina kichwa cha hesabu." Aghalabu kauli hiyo hutamkwa baada ya mtihani, na mwanafunzi anayeitamka mara nyingi huwa amekwisha kuamua: ataacha kulishughulikia somo, atakaa nyuma ya darasa, na kungoja siku ya kuachana nalo. Nchini Tanzania, Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu mdogo katika Mtihani wa Kidato cha Nne. Sababu za hali hiyo ni nyingi. Hata hivyo, kauli yenyewe yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna dai la kisayansi: kwamba kila mtu amegawiwa akili kwa kipimo chake, na kwamba kipimo hicho hakiongezeki. Makala hii yaeleza jinsi dai hilo lilivyochunguzwa, na kile ambacho mwalimu na mwanafunzi waweza kujifunza kutokana na uchunguzi huo.

Kipimo cha Binet

Kipimo cha kwanza cha akili kilichoenea duniani kilitolewa mwaka 1905 na mwanasaikolojia wa Ufaransa, Alfred Binet, akishirikiana na daktari Théodore Simon. Shabaha yao ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada maalumu shuleni, ili wapewe mafunzo yanayowafaa. Binet mwenyewe hakukubali kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 aliwapinga waliokuwa na fikra hiyo, akasisitiza kwamba umakini, kumbukumbu na uamuzi huweza kuimarishwa kwa mazoezi, kama vile misuli inavyoimarishwa.

Binet alifariki mwaka 1911. Kipimo chake kilipelekwa Marekani, na huko baadhi ya wataalamu wakakigeuza kuwa muhuri wa kudumu: aliyepata alama ndogo alihesabiwa kuwa na akili ndogo maisha yake yote. Kwa njia hiyo chombo kilichobuniwa kumsaidia mtoto kikatumika kumfungia mlango. Mwanafunzi anayesema hana kichwa cha hesabu hujipiga muhuri wa namna hiyohiyo, tena bila kipimo chochote.

Kukata tamaa hutoka wapi?

Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya mbwa. Kundi moja la mbwa lilipigwa na mshtuko wa umeme ambao mbwa aliweza kuukomesha kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata mshtuko wa kiasi kilekile, lakini lolote alilofanya mbwa halikusaidia. Baadaye wote waliwekwa, mmoja mmoja, katika sanduku lenye kizuizi kifupi ambacho mbwa angeweza kukiruka na kuokoka. Mbwa wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walitulia tu na kuvumilia mshtuko, ingawa njia ya kutokea ilikuwa mbele yao.

Kwa miaka mingi tukio hilo lilielezwa kuwa mbwa walikuwa wamejifunza unyonge. Mwaka 2016 wataalamu walewale wawili waliyarekebisha maelezo yao. Uchunguzi wa ubongo wa panya ulikuwa umeonyesha kwamba kuzubaa mbele ya taabu ya muda mrefu ni mwitikio wa asili wa mwili, wala hauhitaji kufunzwa. Kinachofunzwa ni kinyume chake: mnyama anapogundua kwamba tendo lake lina matokeo, sehemu ya mbele ya ubongo huutuliza mwitikio huo, na athari yake hubaki hata katika taabu nyingine zijazo.

Mwanadamu si mbwa wala panya, na haifai kuhamisha matokeo hayo neno kwa neno. Lakini fundisho lake ni zito. Mwanafunzi aliyeshindwa mara nyingi bila kuonyeshwa kosa lake liko wapi hana ushahidi wowote kwamba juhudi yake huzaa kitu. Kumwambia "jitahidi" hakumpi ushahidi huo. Kumpa swali moja linalolingana na hatua aliyofikia, akalitatua mwenyewe, kwampa.

Sifa na matokeo yake

Nchini Marekani, mwanasaikolojia Carol Dweck alichunguza kwa miaka mingi jinsi watoto wanavyouelewa uwezo wao. Wako wanaoamini kwamba akili ni kitu kilichokwisha kupimwa. Kwao kila mtihani ni hukumu. Wako pia wanaoamini kwamba akili hukua kwa kutumiwa. Kwao kosa ni habari inayoonyesha wapi pa kurekebisha.

Mwaka 1998, Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa darasa la tano. Kila mtoto alipewa mafumbo ya maumbo, kisha akasifiwa. Baadhi waliambiwa kwamba wamefaulu kwa sababu wana akili. Wengine, kwa sababu wamefanya bidii. Halafu wote walipewa mafumbo magumu mno, ambayo waliyashindwa. Mwishowe walipewa mafumbo ya kiwango kama cha mwanzo. Waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko walivyofanya mara ya kwanza, hali waliosifiwa kwa bidii walipata nafuu. Zaidi ya hayo, walipotakiwa kuandika alama zao kwa ajili ya mtoto mwingine wasiyemjua, waliosifiwa kwa akili walidanganya zaidi kwa kujiongezea alama.

Yafaa ieleweke kwamba sifa zote mbili zilikuwa za wema. Tofauti ilikuwa katika maana ambayo kushindwa kulipata baadaye. Mtoto akiambiwa kwamba kufaulu ni dalili ya akili, hana budi kufikiri kwamba kushindwa ni dalili ya ujinga.

Ubongo unaojifunza

Je, imani kwamba akili hukua ni faraja tu, au ina msingi katika mwili? Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli huunganishwa na nyingine nyingi kwa viungo vidogo viitwavyo sinapsi, na katika viungo hivyo habari hupita kutoka seli hadi seli. Mwaka 1949, Donald Hebb wa Kanada alitoa nadharia kwamba seli zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha kiungo kilichopo baina yao. Mwaka 1973, Timothy Bliss na Terje Lømo walionyesha jambo la namna hiyo katika ubongo wa sungura: sinapsi iliyochochewa kwa nguvu ilibaki imara kwa saa nyingi. Eric Kandel naye, kwa kumchunguza konokono wa baharini asiye na gamba la nje, alieleza mabadiliko ya kikemia yanayotokea kumbukumbu inapojengwa, na mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Kwa wanadamu, mfano mashuhuri ni wa madereva wa teksi wa London. Ili apewe leseni, dereva hutakiwa kuijua kwa moyo mitaa ipatayo 25,000, kazi ambayo huchukua miaka mitatu hadi minne. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo, wakipiga picha za ubongo wao kabla na baada ya mafunzo. Waliofaulu walikuwa 39. Kwa hao, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, yaani eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na njia, ilikuwa imeongezeka. Kwa walioshindwa, na kwa watu wengine ambao hawakujifunza kazi hiyo, ongezeko halikuonekana.

Matokeo haya hayasemi kwamba watu wote ni sawa, wala kwamba kila mtu aweza kuwa lolote. Watu huanza mahali tofauti na huenda kwa mwendo tofauti. Yanachosema ni kwamba mahali pa kuanzia si mahali pa kuishia.

Majaribio makubwa yasemavyo

Baada ya habari za Dweck kuenea, mtazamo wa akili inayokua ulitangazwa kote duniani kama dawa ya kila ugonjwa wa shule. Sayansi haikubali dawa bila kuipima. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na David Yeager, lililohusisha wanafunzi wapatao 12,000 katika shule 65 za Marekani. Wanafunzi walisoma, kwa muda usiozidi saa moja, maelezo ya jinsi ubongo unavyokua kwa kujifunza. Kwa waliokuwa na alama za chini, wastani wa alama ulipanda kwa sehemu moja ya kumi, katika mizani ambayo A huhesabiwa kuwa 4. Mwaka huohuo, jaribio la Uingereza katika shule za msingi 101 halikuona nafuu yoyote katika maendeleo ya wanafunzi.

Basi faida ipo, lakini ni ndogo, na haitokei kila mahali. Uchambuzi wa jaribio la Marekani ulionyesha kwamba ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao hawakudharau kazi ngumu. Uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Hisabati faida ilipatikana pale ambapo mwalimu naye aliamini kwamba uwezo hukua. Mbegu nzuri haioti juu ya mwamba.

Jambo hili lina uzito kwa shule za Afrika ya Mashariki. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia mara aingiapo Kidato cha Kwanza. Ashindwapo swali la Hisabati, huenda kilichomshinda ni lugha ya swali. Mwingine haoni vizuri ubaoni, na mwingine hufika shuleni bila kula. Kumwambia mwanafunzi wa namna hiyo kwamba kasoro iko katika mtazamo wake ni kumtwisha mzigo usio wake. Kazi ya kwanza ni kutafuta sababu.

Kutoka imani hadi njia

Imani peke yake haimpeleki mtu mbali. Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani kwa miaka miwili, na mwaka 2002 wakaeleza matokeo yao. Waliokuwa wakiota mara nyingi ndoto tamu za mafanikio walipata kazi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Waliotarajia kufaulu kwa kutegemea mambo waliyokwisha kuyafanya walifanya vizuri zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuhusu namna ya kuinama, utafiti una shauri lililo wazi. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likajaribu kuyaandika yote liliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma asilimia 40.

Hapa ndipo mtazamo na njia vinapokutana. Kujipima huuma, kwa sababu humwonyesha mtu asichokijua. Anayeona kila kosa kuwa hukumu hukwepa kujipima, akapendelea kusoma tena na tena daftari lake, kazi ambayo humpa raha ya kudhani kwamba anajua. Anayeona kosa kuwa habari hujipima mapema, wakati ungalipo wa kurekebisha.

Jaribio kwa darasa

Walimu na wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili wenyewe, kwa kalamu na karatasi tu.

1. Mwalimu achague kifungu cha maneno kama 250 ambacho darasa halijakisoma.

2. Darasa ligawanywe makundi mawili kwa kura, ili wenye alama za juu wasirundikane upande mmoja.

3. Wote wakisome kwa dakika saba. Kisha, kwa dakika saba nyingine, kundi A likisome tena, na kundi B lifunike kifungu na kuandika yote linayoyakumbuka.

4. Baada ya juma moja, bila kutangaza mapema, wote waandike wanayoyakumbuka. Hoja zihesabiwe na wastani wa kila kundi upatikane.

5. Juma la pili makundi yabadilishane njia kwa kifungu kingine, ili kila mwanafunzi ajilinganishe na nafsi yake.

Darasa moja ni dogo, na matokeo yaweza kutofautiana na ya wataalamu. Ikiwa hivyo, darasa lina swali jipya la kujadili. Lakini mwanafunzi atakayeona kwa hesabu zake mwenyewe kwamba kubadili njia kumebadili matokeo yake, huyo atakuwa amepata kitu ambacho maneno ya kutia moyo hayawezi kumpa: ushahidi kwamba tendo lake lina matokeo. Tena atakuwa ameupata kwa kukokotoa wastani na kulinganisha namba, yaani kwa hesabu ileile aliyodai kwamba hana kichwa chake.