Ziwa ambalo sikuliona



Miezi michache iliyopita daktari alinipima presha, akaitazama mashine, akanitazama na mimi, kisha akaniambia bila kupepesa macho: "Padre, wewe unatoka kitandani unaingia altareni, unatoka altareni unaingia kwenye gari, unatoka kwenye gari unaketi mezani. Tembea." Nilimjibu kwamba nitajitahidi. Ni jibu lile lile ambalo waamini hunipa mimi ninapowakumbusha kitubio cha Kwaresima.

Vijana wetu wa VIWAWA walipopata habari hiyo hawakunipa nafasi ya kutafuta udhuru. Walikuwa wameshapanga safari ya siku moja kwenda Ziwa Ngosi, na jina langu likaandikwa kwenye orodha kabla sijaulizwa.

Kwa msomaji asiyelifahamu, Ngosi ni ziwa lililopo juu ya Milima ya Poroto, mkoani Mbeya, kati ya jiji la Mbeya na mji wa Tukuyu. Zamani za kale palikuwa na mlima wa volkano. Ulilipuka, kilele chake kikadidimia, likabaki shimo kubwa, na maji yakajaa humo. Ziwa lina urefu wa kama kilomita mbili na nusu, nalo lipo zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuta za milima zimelizunguka pande zote, zimevaa msitu kuanzia juu hadi majini. Wenyeji hulisimulia kwa heshima, na wapo wanaosema kwamba Wajerumani walitupa mali zao humo wakati wa vita. Walioliona kutoka juu husema umbo lake linafanana na ramani ya Afrika.

Gari haliwezi kukufikisha. Unaiacha barabara kuu iendayo Kasumulu, mpakani mwa Malawi, unapita katikati ya mashamba ya viazi, kisha unafika mahali ambapo shamba linakoma na msitu unaanza. Kuanzia hapo ni miguu yako na neema ya Mungu.

Tuliadhimisha Misa alfajiri ya Jumamosi, tukapanda Coaster tukiwa na mikate, viazi vya kuchemsha, ndizi na maji. Mwongozaji wetu, mwenyeji wa pale, alitupa maonyo mawili: tusitupe chupa za plastiki msituni, na tusiachane. Onyo la kwanza tulilitii wote. La pili tulilivunja kabla ya nusu saa.

Njia ya Ngosi huanza kwa upole, kama vile dhambi inavyoanza, halafu inasimama wima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa mweusi na wenye utelezi, na mizizi ya miti ilikuwa imelala njiani kama kamba. Pembeni kulikuwa na migomba mwitu yenye majani mapana kuliko meza, na juu zaidi mianzi. Mahali fulani tulisikia matawi yakitikisika kwa kishindo, mwongozaji akanyoosha kidole, tukawaona mbega wakiruka na manyoya yao meupe mabegani kama mapadre wenye haraka ya kuwahi Misa ya pili. Vijana walicheka sana. Mimi sikuwa na pumzi ya kucheka.

Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda pole na bado nilijikwaa, mara mbili. Nyimbo za vijana zilianza kusikika kwa mbali, kisha kwa mbali zaidi, hadi nikabaki na sauti ya moyo wangu ukigonga masikioni. Nilijiambia kwamba nitapumzika kidogo, kisha nitarudi kwenye gari na kusali Rozari. Ingekuwa njia ya heshima ya kushindwa.

Ndipo nikasikia hatua za mtu anashuka. Kijana mmoja alikuwa amewaacha wenzake akarudi nyuma. Nilipomtambua, moyo uliniuma kwa sababu nyingine kabisa, isiyohusu presha.

Majuma matatu kabla ya safari hiyo, wakati wa matangazo mwishoni mwa Misa, nilikuwa nimemtaja kijana huyu kwa jina lake mbele ya waamini wote. Ni kiongozi kati ya vijana, na kwa miezi miwili alikuwa haonekani kwenye Misa ya asubuhi. Nilisema kuna watu wanaoutaka uongozi lakini hawautaki Msalaba. Kanisa lilicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahia kicheko kile.

"Baba, nipe huo mfuko," alisema. Akauchukua begani, akakata fimbo ya mwanzi, akanipa. Nilimwambia atangulie awafuate wenzake. Alitikisa kichwa. Baada ya muda nikamwambia tena. Nikamuuliza kama amewahi kufika ziwani. "Hapana, Baba. Hii ndiyo mara ya kwanza." Nikamwambia kwa mara ya tatu aende, asilikose ziwa kwa ajili yangu. Alijibu tu, "Tutafika."

Tulikaa juu ya gogo lililoanguka, na hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza majuma matatu kabla, kwa sauti ya chini, ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Nilimuuliza kwa nini haji Misa.

Alinieleza bila manung'uniko. Mama yake alipata kiharusi. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Malori ya viazi hupakiwa alfajiri ya Jumapili, na mpakiaji hulipwa pesa yake papo hapo, ndiyo inayonunua dawa na unga wa wiki nzima. "Nilikuja ofisini kukueleza, Baba. Mara mbili. Uliniambia una kikao."

Sikukumbuka kabisa kwamba alikuja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilimwomba msamaha pale pale, mikono yangu ikiwa imejaa tope. Hakunijibu haraka, kama wafanyavyo watu kumwondolea padre aibu. Alitazama chini, akachora kwa kijiti kwenye udongo, kisha akasema, "Uliniaibisha, Baba. Na mama alisikia. Majirani walimwambia." Halafu akainuka, akaninyooshea mkono. "Twende, tusichelewe sana."

Tulifika ukingoni karibu saa saba mchana. Vijana walikuwa wameketi wanakula viazi, nyuso zao zikiwaka furaha. Mbele yao hapakuwa na ziwa. Palikuwa na ukuta mweupe wa ukungu, ulioanzia miguuni petu na kwenda juu hadi mbinguni. Ziwa lilikuwa wazi walipofika, walituambia. Walilitazama kwa kama robo saa, kisha ukungu ukapanda na kulifunika.

Tulisubiri. Tulisali Malaika wa Bwana, tukala, tukasubiri tena karibu saa nzima. Wenzetu walijaribu kutufariji kwa kutusimulia. Mmoja alisema maji ni ya kijani kama chupa, mwingine akasema hapana, ni bluu. Walibishana kusini mwa Afrika ni upande upi. Walituonyesha picha kwenye simu, lakini kama ujuavyo picha za vijana, nyuso zao zilikuwa kubwa na ziwa lilikuwa dogo nyuma ya masikio. Hatimaye mwongozaji alitazama mawingu akasema tushuke kabla ya mvua.

Niliona haya. Kijana yule alikuwa amelikosa ziwa kwa ajili ya mtu aliyemwaibisha. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Nimekukosesha." Yeye aliutazama ukungu kwa muda, akavuta kamba ya mfuko wangu begani pake, akasema, "Lipo, Baba."

Wale walio nyuma

Tangu siku ile nimekuwa nikirudia kusoma sehemu tatu za Maandiko Matakatifu.

Ya kwanza ni Kumbukumbu la Torati 25:17-18. Musa anawakumbusha Waisraeli jinsi Waamaleki walivyowashambulia njiani walipotoka Misri. Adui hakuwavamia waliotangulia mbele, wenye nguvu. Aliwapiga wale wa nyuma, waliochoka na kulegea. Adui wa roho zetu hajabadili mbinu hiyo. Anamsubiri yule ambaye nyimbo za jumuiya yake zimeanza kusikika kwa mbali. Ni mgonjwa ambaye mwezi wa kwanza alitembelewa na wengi na mwezi wa sita hakuna. Ni mjane, ni kijana asiye na nauli, ni mama anayeona haya kuingia kanisani kwa sababu ndoa yake imevunjika.

Ya pili ni Mwanzo 33. Yakobo na Esau wamekumbatiana baada ya miaka mingi ya uhasama, na Esau anapendekeza waende pamoja. Yakobo anamwomba atangulie, kwa sababu yeye ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Ataongoza taratibu, kwa mwendo wao (Mwa 33:12-14). Nimekuwa padre kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuona kwamba maneno haya yanakuja mara tu baada ya upatanisho. Mtu aliyesamehewa hujifunza kutembea kwa mwendo wa mnyonge. Mtu ambaye bado anataka kushinda hutazama saa.

Ya tatu ni njia ya Emau, safari ya kama kilomita 11. Wanafunzi wawili wanaondoka Yerusalemu wamekata tamaa, na Bwana Mfufuka anawakaribia na kutembea nao (Lk 24:13-35). Kabla ya kuwafafanulia Maandiko, anawauliza wanazungumza nini njiani. Anauliza kwanza. Mimi nilikuwa nimeanza na mahubiri.

Kanisa limetupa mtakatifu anayefaa kutuombea katika hili. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino, Italia, aliyependa kupanda milima ya Alps na marafiki zake. Alifariki mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 24. Familia yake ilikuwa ya watu wenye uwezo, nao walishangaa siku ya mazishi kuona maskini wa mji wamejaa barabarani. Hawakujua kwamba kijana wao, aliyejulikana kwa vilele vya milima, siku nyingine zote alikuwa akitembea na wale walio nyuma.

Dominika iliyofuata, wakati ule ule wa matangazo, nikiwa nimemwomba kijana ruhusa kwanza, niliwaambia waamini kwamba nilimhukumu mwenzetu bila kumsikiliza, na kwamba ninamwomba radhi yeye na mama yake. Zakayo hakumwambia Bwana tu kwamba amejuta. Alitaja atakachorudisha (Lk 19:8). Na heshima ya mtu iliyochukuliwa mbele ya watu hairudishwi faraghani. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni nilimpelekea mama Komunyo. Kusema kunampa taabu. Aliushika mkono wangu kwa mkono wake mmoja unaofanya kazi, akaushikilia muda mrefu, na sikujua kama ananisamehe au ananikemea. Pengine yote mawili. Jumuiya yake ndogo ndogo sasa imepanga zamu ya kumwangalia, na kijana huja Misa ya jioni. Bado anapakia viazi alfajiri. Kuomba radhi kwa padre hakununui dawa.

Mpendwa msomaji, sisi katika Kanisa tunajua sana kuhesabu nani hayupo. Tunajua nani hajalipa zaka, nani haonekani kwaya, nani hakuja jumuiya. Ni wachache wanaojua kwa nini. Wiki hii nakuomba jambo moja: mkumbuke mtu mmoja aliyekuwa akitembea nawe na sasa humsikii nyuma yako. Usimtumie ujumbe wa kumkaripia. Rudi nyuma, upokee mfuko wake, umuulize.

Huenda kwa kufanya hivyo ukachelewa, na ukungu ukafunika kile ulichotamani kukiona. Bwana wetu aliwaita heri wale wasioona wakasadiki (Yn 20:29), na siku ile ukingoni mwa Ngosi niliielewa heri hiyo kuliko nilivyoielewa darasani seminarini. Nililiamini ziwa kwa ushuhuda wa wenzangu waliokuja wanang'aa, lakini zaidi kwa ushuhuda wa yule mmoja aliyekubali kulikosa.

Vijana wamepanga safari nyingine kiangazi kijacho. Nimeandika jina langu mwenyewe. Tumekubaliana kwamba mara hii padre na fimbo yake ya mwanzi watatembea mbele, na wengine wote watafuata kwa mwendo huo.

Nawatakia Dominika njema.