Dawa Mbili Ndani ya Tyubu Moja

Krimu nyingine za ngozi zina dawa mbili: klotrimazoli ya kuua fangasi, miligramu 10 katika kila gramu, na betamethasoni ya kutuliza mwasho, nusu miligramu tu. Zinapimwaje? Maabara huyeyusha krimu, huichuja, kisha huisukuma kwa pampu ndani ya bomba lililojaa unga laini. Kila dawa hutoka kwa wakati wake na kupimwa kwa mwanga. Hii ndiyo kromatografia. Kwanza hujaribiwa kwa krimu isiyo na dawa, isije ikadanganya. Betamethasoni ikizidi, ngozi huwa nyembamba. Klotrimazoli ikipungua, fangasi huenea. Sisi wauguzi twawasihi: msimpake mtoto krimu hizi kabla ya kuuliza zahanati.