Usonji shuleni: Mvulana huchapwa, msichana husahauliwa

WAKATI malori yakipanga foleni Namanga, Busia na Mutukula, wafanyabiashara wengi huwa wamewaacha watoto kwa bibi, shangazi au dada wa kazi. Habari za shule huwafikia kwa simu: mwana kapigana tena, au binti hana neno, ni mpole tu. Kwa mtoto mwenye usonji, habari hizo mbili zinaweza kuficha jambo moja.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo. Hauambukizi, na hauletwi na chanjo, uchawi wala malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao.

Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa jambo la wavulana. Daktari Leo Kanner, aliyeueleza nchini Marekani mwaka 1943, aliandika kuhusu watoto 11, na kati yao wavulana walikuwa 8. Baadaye ikazoeleka kusemwa kuwa kwa kila msichana mmoja wapo wavulana wanne. Uchambuzi wa tafiti 54 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha uwiano ulio karibu na watatu kwa mmoja, na kwamba wasichana wamo hatarini zaidi kukosa kutambuliwa.

Sababu mojawapo iko darasani. Mvulana akiziba masikio kwa kelele, akapiga mayowe au kutoka mbio, mwalimu humwona mara moja. Msichana mara nyingi huiga. Hutazama wenzake wanavyocheka naye akacheka, hukariri maneno ya kusema, hushikamana na rafiki mmoja. Kwa kuwa jamii zetu humsifu binti mkimya, hakuna anayeuliza. Akifika nyumbani nguvu zimemwishia: hulia, hujifungia au hukataa kula. Si wote walio hivyo. Wapo wavulana wanaojificha na wasichana wanaopiga kelele.

Gharama yake ni kubwa. Mvulana hupewa jina la mtukutu, na adhabu hutegemea upande wa mpaka. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001 na Uganda ikaviharamisha kwa sheria ya mwaka 2016, ingawa fimbo bado husikika. Tanzania Bara kanuni zinaruhusu hadi viboko vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu. Fimbo haimfundishi mtoto kuvumilia kelele zinazomuumiza.

Msichana naye huumia baadaye. Anapobalehe, urafiki huwa na mafumbo mengi, hedhi huanza na masomo huwa mazito. Ndipo wengine huanza kukwepa shule. Asiyeelewa nia ya mtu kwa haraka ni rahisi pia kulaghaiwa, na akinyamaza nyumbani hudhaniwa ana haya.

Kwa mzazi anayemhamisha mtoto kuvuka mpaka, kuna mzigo mwingine. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, ilhali Kenya na Uganda madarasa ya juu hutumia Kiingereza. Kubadili lugha, sare, mwalimu na rafiki siku moja ni kazi ngumu kwa mtoto anayetulia kwa mazoea. Inafaa aione shule mapema, na ripoti yoyote ya daktari au mwalimu isafiri naye kama kitambulisho.

Kenya ina vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984. Kwingineko, pa kuanzia ni mwalimu wa elimu maalumu au hospitali ya rufaa.

Kwa aliye safarini, swali la simu halina budi kubadilika. Badala ya "Ana adabu?", amuulize anayekaa na mtoto: Akitoka shule anakuwaje? Anacheza na nani? Kitu gani humchosha? Jibu la siku moja halitoshi. La mwezi mzima, likiandikwa, linaweza kumsaidia mtaalamu kumwona binti ambaye darasa zima limepita bila kumwona.