Vifaa vya Mchezo na Somo la Hesabu

Mwanachuo aliyepangiwa Ziba kwa mazoezi ya kufundisha huenda akakuta jioni vijana wamejazana katika kibanda cha gemu, na hatua chache kutoka hapo wazee wameinamia bao. Aghalabu walimu huiona michezo yote miwili kuwa ni kupoteza wakati. Katika makala haya twapenda kuitazama kwa upande wa vifaa vyake, kwani kifaa ndicho kinachoamua kazi ipi mchezaji ataifanya na ipi atafanyiwa.

Tuanze na mashine. Ile ya kwanza ya kutumbukizia sarafu na kuchezea kwenye kioo cha televisheni, iliyouzwa kibiashara, ilikuwa Computer Space, Marekani, mwaka 1971. Vitufe vyake viliwatatiza wengi. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ikatoa Pong, ambamo kila mchezaji alikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Gun Fight ya mwaka 1975 ilitiwa mikroprosesa, yaani ubongo mdogo wa kompyuta. Na Pac-Man ya Japani, mwaka 1980, ikachezwa kwa mkono mfupi mmoja tu wa kusukuma pande nne. Katika mashine hizo alama huhesabiwa na mashine yenyewe. Mtoto asiyejua kujumlisha aweza kucheza mchana kutwa na kushinda. Hatusemi hajifunzi kitu. Hujifunza wepesi wa jicho na mkono. Lakini hesabu amefanyiwa.

Bao halimfanyii mtu hesabu. Lina mashimo 32 katika safu nne za manane, na kete 64. Pwani kete ni mbegu za mkomwe. Kokoto nazo zafaa. Jina latokana na ubao, lakini hata mashimo yaliyochimbwa ardhini yatosha. Kifaa cha namna hii kingemfaa hata mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, aliyekuwa na mzigo wa kutosha begani hadi Bagamoyo. Wala si mchezo wa wavivu: Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, alijulikana kwa kulipenda bao. Mwanachuo aweza kumkumbusha hilo mwalimu mkuu mwenye mashaka.

Katika bao la kiswahili kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi. Jumla ni 32. Kwa Darasa la Pili, hata hivyo, yafaa kuanza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete 2: mashimo 16, mara 2.

Tulipata kumtazama mwanachuo mmoja akifundisha hivyo. Mashimo yalichimbwa vizuri, watoto wakakaa wawili wawili. Kisha, kila mtoto alipozigawa kete, mwanachuo alihesabu kwa sauti kwa niaba yake. Amejigeuza mashine! Tulipozungumza naye baada ya kipindi, tulikubaliana kwamba kesho yake anyamaze, na kila mtoto aseme kwanza kete ya mwisho itaangukia shimo gani, ndipo azigawe.

Hapo ndipo kosa lililojificha lilipotokea. Mtoto alichukua kete 5 kutoka shimo la 2, akasema ya mwisho itafika shimo la 6. Ilifika la 7. Alikuwa amelihesabu shimo alilotoka kuwa la kwanza. Ni yule yule ambaye daftarini huandika 2 + 5 = 6, na ambaye mwalimu humtilia alama ya kosa bila kujua amekosea wapi. Mbele ya mashimo kosa lilionekana, naye akalisahihisha mwenyewe mara ya tatu. Mwanachuo asikimbilie kumwambia. Ampe shimo jingine, kete nyingine, tena na tena. Kona ya safu, ambapo hesabu hugeuka na kurudi upande wa pili, iachwe hadi wiki inayofuata.

Mwisho wa kipindi watoto wahesabu kete wenyewe. Zikiwa 61, waseme kwanza zimepungua ngapi, ndipo waanze kuzitafuta.